Wasomaji Wanauliza: Kahawa Yetu, Kuanzia Kiboko cha Masaka Hadi Kikombe cha Mlinzi wa Usiku

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zinahusu kahawa, na kwa kuwa zinagusana, nimeona nizijibu pamoja. Zimetoka kwa mkulima, mwalimu, mama mjamzito, mlinzi na wengine, nami nimezifupisha bila kubadilisha kiini cha maswali yao. Karibu kila mmoja wao anauliza, kwa njia yake, kama namna anavyopenda kahawa yake ni sahihi. Nchi yetu, Uganda, hulima kahawa nyingi na kuinywa kidogo; sehemu kubwa kabisa huondoka ikiwa buni mbichi ndani ya magunia, na hivyo wengi wetu tumezoea kuamini kwamba ujuzi wa kuiandaa uko huko inakopelekwa. Mimi siamini hivyo, na majibu yanayofuata yatawaonyesha kwa nini.

SWALI: Mimi ni mkulima wa Masaka, na kahawa ndiyo iliyonisomeshea watoto, lakini nyumbani kwangu tunakunywa chai. Wanangu walioko Kampala wanasema kwamba robusta yetu si ya kunywa bali ni ya kuchanganyia, na kwamba kahawa ya kweli ni arabika ya milimani. Je, ni kweli? Na kama si kweli, naweza kuiandaa mwenyewe kwa vyombo vya jikoni, bila mashine?

JIBU: Shikamoo, mzee wetu. Wanao wanarudia maneno ya soko, na maneno ya soko yana sababu zake, ila sababu hizo hazihusu ladha peke yake. Robusta kwa kawaida huuzwa kwa bei ya chini kuliko arabika, na viwanda vikubwa vya nje huitumia kutengenezea kahawa ya unga unaoyeyuka, au huichanganya katika kahawa ya mashine za shinikizo (espresso) ili kuipa uzito na povu. Kwa kuwa hatima yake ilijulikana kuwa ni kuchanganywa, mkulima hakupata sababu kubwa ya kuchuma matunda mekundu peke yake na kuyaanika mahali safi. Matunda mabichi na mabivu yakichumwa pamoja, kisha yakaanikwa juu ya udongo mtupu, kahawa hutoka na ladha ya vumbi na ukungu, na mnywaji huilaumu robusta ilhali kosa ni la uchumaji na uanikaji.

Kuhusu ukoo wake, robusta ni mwenyeji wa nchi hii. Hadi leo humea yenyewe katika msitu wa Kibale, na watu wa kandokando ya Ziwa Viktoria waliijua na kuitumia muda mrefu kabla ya biashara ya kuiuza ng'ambo kuanza. Arabika ndiyo iliyokuja baadaye: mbegu zake zililetwa karibu mwaka 1900 kutoka Nyasaland, ambayo sasa ni Malawi. Tena, wataalamu wa mimea wamethibitisha kwamba arabika ilitokana na aina mbili za mibuni zilizochavushana porini, na mmoja wa wazazi hao wawili ni robusta. Wanao wakiidharau tena mbele yako, waambie kwamba wanamdharau mzazi wa kahawa wanayoisifu.

Hata hivyo, ni haki kusema kwamba robusta ni chungu zaidi kwa asili. Kafeini katika buni za arabika huwa kama asilimia 1.2 hadi 1.5 ya uzito, na katika robusta huzidi asilimia 2; sukari na mafuta ya asili katika robusta ni kidogo kuliko katika arabika. Kwa hiyo haifai kuandaliwa kwa kufuata maelekezo yaliyoandikwa kwa ajili ya arabika. Inataka uangalifu wa namna yake, na jikoni mwako una kila kitu kinachohitajika.

Anza na kiboko, yaani matunda ya kahawa yaliyokaushwa pamoja na maganda yake, kilichotokana na matunda mekundu tu, kilichoanikwa juu ya turubai au kitanda cha waya, kikageuzwa mara kwa mara na kufunikwa usiku na wakati wa mvua. Kiboko kilichokauka sawasawa hulia kinapotikiswa, na buni iliyo ndani haiingii alama ya jino kwa urahisi. Peleka kiasi kidogo kiwandani kikakobolewe, au kitwange polepole katika kinu na kupepeta maganda kwa ungo. Ukianza na kilo mbili za kiboko, utapata takribani kilo moja ya buni safi. Kisha keti mahali penye mwanga uchague. Toa zilizo nyeusi, zilizotobolewa na wadudu, zilizovunjika na zenye harufu ya uvundo. Kazi hii wengi huiruka kwa sababu inachosha, lakini buni chache mbovu zinatosha kuharibu chungu kizima, na hakuna ukaangaji wa ustadi utakaoficha ubovu huo.

Kwa kukaanga, tumia chungu au sufuria nzito juu ya sigiri yenye moto wa wastani, nje ya nyumba, kwa sababu moshi ni mwingi. Usijaze chombo, tabaka la kina cha vidole viwili linatosha, ili mwiko uweze kuzigeuza buni zote bila kupumzika. Utaziona zikitoka rangi ya kijani kwenda manjano, na harufu yake wakati huo ni kama ya majani makavu, kisha kama ya mkate unaookwa. Zikishakuwa za kahawia utasikia mlio wa kupasuka, mkavu na wa wazi. Mlio huo ukitulia, kahawa inanyweka, ingawa robusta iliyotolewa hapo hapo bado huwa na ladha ya nafaka. Endelea kidogo, dakika moja au mbili, mpaka rangi ikolee, lakini usingoje buni zing'ae mafuta na mlio wa pili uwe mwingi. Hapo uchungu wa kuungua huongezeka juu ya uchungu wa asili. Wengi hapa nchini hukaanga mpaka iwe nyeusi kabisa, wakidhani weusi ndio nguvu, wakati kafeini haiongezeki kwa kuunguza.

Mara tu rangi uliyoikusudia ikifika, mwaga buni zote katika ungo mpana na uzipepete hadi zipoe, kwa sababu zikibaki ndani ya chombo cha moto zitaendelea kuiva. Utando mwembamba utapeperuka wakati huo huo. Usistuke ukipima na kukuta kilo yako imebaki gramu 800 na kitu, kwani maji yameondoka. Ziache kwa siku moja au mbili kabla ya kusaga, maana kahawa iliyotoka motoni hutoa hewa nyingi na ladha yake bado haijatulia. Saga au twanga kiasi cha siku hiyo tu. Kwa kikombe kikubwa cha robusta, vijiko viwili vya chakula, bila kuvirundika, vinatosha. Mimina maji yaliyotoka kuchemka, funika kwa dakika nne, chuja, unywe. Onja kwanza bila sukari. Ukishaonja, ongeza unachotaka, kwa sababu sasa utajua unakiongezea nini.

SWALI: Niliishi Mombasa kwa muda na huko nilizoea kahawa chungu ya vikombe vidogo, yenye tangawizi, inayonywewa barazani jioni pamoja na kashata. Sasa niko Kampala, ninanunua unga wa kahawa dukani na kuuchemsha kwa dakika kumi na tano pamoja na tangawizi, lakini kinachotoka ni uchungu unaokwangua koo. Rafiki yangu anasema maji ya Kampala hayachemki vizuri. Kasoro iko wapi?

JIBU: Rafiki yako amegusa jambo la kweli, ila si hilo linalokusumbua. Kampala iko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na kwa kuwa maji huchemka kwa joto dogo zaidi kadiri unavyopanda, hapa yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi za Selsiasi, wakati Mombasa yanafika 100. Kabale, ambako ni juu zaidi, yanachemka kwenye nyuzi 93 au 94. Joto linalopendekezwa kwa kuandaa kahawa ni kati ya nyuzi 90 na 96, kwa hiyo sisi wa nyanda za juu tuna bahati: birika likichemka tunaweza kumimina papo hapo, bila kungoja kama anavyoshauriwa mtu wa pwani.

Kasoro yako iko katika unga. Unga wa dukani husagwa laini kwa ajili ya kuchujwa haraka, na unga laini hutoa kila kilichomo ndani yake kwa muda mfupi, kizuri kwanza na kikali baadaye. Ukiuchemsha kwa dakika kumi na tano, umeshapita kizuri zamani na unachokamua ni ukali mtupu. Kahawa ya barazani hutwangwa, nayo hubaki na chembe kubwa zinazovumilia moto. Tafuta mahali wanapouza buni zilizokaangwa, au waombe wakusagie chenga. Kampala ina wakaangaji kadhaa sasa, na wengi wao husaga mbele ya mteja. Kisha badilisha mpangilio wa kazi. Chemsha kwanza tangawizi iliyopondwa pamoja na iliki kidogo kwa dakika kumi, ili ukali wake uingie kwenye maji, ndipo uweke kahawa na kuiacha ichemke polepole kwa dakika mbili au tatu tu. Epua, iache mashapo yatue, mimina taratibu. Kama una dele la shaba, vizuri. Kama huna, birika dogo la kawaida litafanya kazi hiyo hiyo. Vikombe vidogo navyo vina maana yake: kahawa kali hunywewa kidogo kidogo, na kashata inafanya kazi ambayo sukari ingefanya ndani ya kikombe. Ukimimina kahawa hiyo hiyo katika kikombe cha chai na kuweka vijiko vinne vya sukari, utapata kinywaji kingine kabisa.

SWALI: Mimi ni mwalimu hapa Mbale. Mume wangu huipika kahawa ndani ya maziwa, pamoja na tangawizi na sukari nyingi. Mimi hunywa kavu, bila chochote, naye husema kwamba ninakunywa dawa. Wageni wakija hatujui tuwape ipi. Nani kati yetu yuko sahihi?

JIBU: Mwalimu, ninyi mnaishi chini ya Mlima Elgon, na kahawa ya Bugisu ni miongoni mwa arabika bora za bara hili. Hukomaa taratibu kwenye miteremko yenye baridi, na inayoandaliwa kwa maji humenywa kabla ya kukauka, ikavundikwa, ikaoshwa na kuanikwa. Njia hiyo huifanya iwe na uchachu safi unaofanana na wa matunda, na ladha ya mbali ya kakao. Maziwa hufunika uchachu huo, na tangawizi huumaliza. Kwa hiyo, ikiwa kahawa iliyo mezani kwenu imekaangwa hivi karibuni na haikuunguzwa, nasimama upande wako bila kusita: ni hasara kuichemsha ndani ya maziwa.

Lakini mume wako naye ana haki yake. Kahawa ya maziwa ni kinywaji cha asubuhi cha baadhi ya nyumba nchini mwetu, kinashibisha, na mtu anayekwenda shambani au kazini kabla ya kula anakihitaji. Kinafaa zaidi kikipikwa kwa robusta, ambayo uzito wake haupotei ndani ya maziwa. Mshauri asichemshe unga wa kahawa ndani ya maziwa tangu mwanzo, kwa sababu hapo kahawa hutoka dhaifu; atajikuta akiongeza unga na kupoteza fedha. Aiandae kahawa nzito kwa maji kidogo, aichuje, kisha aimimine katika maziwa ya moto aliyoyachemsha na tangawizi. Mkiweka mikebe miwili jikoni, mmoja wa arabika yako na mwingine wa robusta yake, ubishi utakwisha. Mgeni aulizwe. Ila kama ni mgeni wa mbali ambaye hajawahi kuionja kahawa ya kwenu, mpe kwanza ile kavu, na sukari iwe kando.

SWALI: Nina ujauzito wa miezi mitano, ninaishi Arua, na ninapenda sana kahawa. Mama mkwe ameniambia niiache kabisa. Nesi alisema kidogo si kitu. Nimfuate nani?

JIBU: Hongera, dada yangu. Nesi wako yuko karibu zaidi na ushauri wa wataalamu, lakini neno "kidogo" linahitaji kupimwa, hasa katika nchi ya robusta. Shirika la Afya Duniani linawashauri wajawazito wanaotumia zaidi ya miligramu 300 za kafeini kwa siku wapunguze, kwa sababu wingi huo unahusishwa na kuharibika kwa mimba na watoto kuzaliwa na uzito mdogo. Mamlaka za Ulaya zinataka usizidi miligramu 200. Gramu 12 za unga wa arabika zina kafeini ya miligramu kama 150, nazo ni kikombe kimoja kikubwa. Gramu hizo hizo za robusta zinaweza kukaribia miligramu 250. Utaona kwamba kikombe kimoja cha robusta kizito kinaweza kukumaliza siku nzima. Kumbuka pia kwamba chai na soda za kola nazo zina kafeini, na kwamba katika miezi ya mwisho ya ujauzito mwili huchukua muda mrefu zaidi, hata mara tatu, kuiondoa.

Kwa hiyo kama hutaki kuacha, kunywa kikombe kimoja kidogo cha arabika kwa siku, na mwambie mama mkwe kwa heshima kwamba umekipunguza kwa kipimo. Jambo la pili ni wakati. Kahawa, sawa na chai, huzuia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo katika maharagwe, dodo (yaani mchicha) na mboga nyingine za majani, na bila shaka kliniki imekupa vidonge vya madini hayo. Usivimeze kwa kahawa, wala usinywe kahawa pamoja na chakula au mara baada yake. Kunywa saa moja kabla ya kula, au ngoja kama saa mbili baada ya kula. Ukiwa umeambiwa una upungufu wa damu au shinikizo la damu limepanda, fuata maagizo ya kliniki kuliko haya yangu.

SWALI: Mimi ni mlinzi wa usiku Jinja. Naingia kazini saa kumi na mbili jioni na kutoka saa kumi na mbili asubuhi. Ili nisisinzie, hunywa kahawa nzito saa kumi alfajiri, wakati usingizi unapokuwa mkali zaidi. Nikifika nyumbani saa mbili asubuhi silali, ninajigeuza tu. Nifanyeje?

JIBU: Kaka, kahawa unayokunywa saa kumi ndiyo unayolala nayo saa mbili. Kwa mtu mzima mwenye afya, inachukua takribani saa tano kwa nusu ya kafeini kuondoka mwilini, na kwa wengine muda huo ni mrefu zaidi. Unapojilaza, zaidi ya nusu ya kikombe chako bado iko katika damu. Gawanya kahawa hiyo katika vikombe vidogo viwili au vitatu, kimoja unapoingia kazini, kingine saa nne usiku, na cha mwisho kisipite saa saba. Ukali wa usingizi wa alfajiri upambane nao kwa kutembea, kunawa uso na kula kitu kidogo. Kama sheria za kazi yako zinakuruhusu mapumziko, usingizi wa dakika ishirini una faida kuliko kikombe cha saa kumi. Nyumbani weka pazia zito dirishani, na uwaombe jamaa wakuheshimu usingizi wako wa mchana kama wanavyoutaka wao usiku wao uheshimiwe.

SWALI: Kila mwaka siku tatu za mwanzo za Ramadhani huwa naumwa kichwa vibaya sana, na mimi ni mnywaji mkubwa wa kahawa. Je, kahawa ndiyo sababu? Naandika kutoka Bombo.

JIBU: Inaelekea sana kuwa ndiyo. Mwili uliozoea kafeini kila siku, ukiinyimwa ghafla, huanza kuuma kichwa kati ya saa 12 na 24 baadaye. Maumivu huwa makali siku ya kwanza na ya pili, na baada ya siku kadhaa hutoweka. Dawa yake ni kupunguza polepole katika wiki mbili za mwisho za Shaabani. Kama unakunywa vikombe vinne, shuka hadi vitatu kwa siku chache, kisha viwili, ukianza kuondoa vile vya asubuhi na mchana na kubakiza cha jioni. Ndani ya Ramadhani yenyewe, kikombe kimoja baada ya futari kinatosha. Wengine hunywa nyingi wakati wa daku wakitarajia iwashikilie mchana kutwa. Sipendekezi, kwani inakuondolea usingizi mfupi uliobaki. Kichwa kikiendelea kuuma baada ya wiki, basi sababu ni nyingine, na unapaswa kumwona daktari.

SWALI: Nikienda kwa bibi Mukono huwa ananipa kahawa kavu za kutafuna, zimefungwa katika kifurushi kidogo cha nyuzi za migomba. Wenzangu chuoni wanasema huo ni ushirikina. Je, kuna ubaya?

JIBU: Hakuna ubaya, mwanangu, na wenzako wanakosa historia nzuri. Kutafuna ndiyo njia ya zamani zaidi ya kutumia kahawa katika nchi yetu. Baganda walichuma matunda yakiwa bado mabichi, wakayachemsha pamoja na majani yenye harufu nzuri, wakayakausha, na kumkaribisha nayo mgeni kabla ya mazungumzo. Ng'ambo ya mpaka, Wahaya wa Bukoba wana desturi hiyo hiyo hadi leo. Ndani ya tunda moja la kahawa mna buni mbili zilizokumbatiana, na kwa sababu hiyo tunda hilo ndilo lililotumiwa katika omukago, yaani undugu wa damu: kila mmoja alipaka buni yake damu yake, wakabadilishana na kumeza, na tangu hapo walikuwa ndugu wenye wajibu kamili. Ni kweli kwamba kahawa hutumiwa pia katika ibada za jadi, na kama dini yako inakukataza kushiriki ibada hizo, ni uamuzi wako. Lakini bibi anayempa mjukuu wake kahawa sebuleni hafanyi ibada, anakukaribisha. Pokea kwa mikono miwili. Kwa upande wa afya, hizo ni robusta na zina kafeini, kwa hiyo usitafune kifurushi kizima usiku ukitaka kulala, na usimeze bila kutafuna vizuri kama tumbo lako hupata kiungulia.

SWALI: Ofisini kwetu Mbarara tuna birika la umeme tu. Ninatumia kahawa ya kuyeyuka kwa sababu ya urahisi. Nyumbani naandaa kahawa ya kusaga asubuhi, naiweka katika chupa ya chai, na jioni inakuwa chungu na chachu. Je, nifanye nini? Na ni kweli kwamba kahawa isiyochujwa ina mafuta mabaya?

JIBU: Kahawa ya kuyeyuka si kosa, lakini unailipia kazi ambayo birika lako linaweza kuifanya. Nunua kichujio cha plastiki cha kuweka juu ya kikombe, pamoja na karatasi zake. Kama karatasi hazipatikani, shona kifuko cha kitambaa safi cha pamba na ukioshe kila siku kwa maji ya moto bila sabuni, maana sabuni hubaki ndani ya nyuzi. Weka vijiko vitatu vya chakula vya arabika kwa kikombe kikubwa, lowesha unga kwa maji kidogo, ngoja nusu dakika uvimbe, kisha mimina yaliyobaki polepole. Kazi yote haizidi dakika nne.

Kuhusu mafuta, ni kweli. Kahawa ina mafuta ya asili ambayo yakinywewa kila siku kwa wingi huongeza kolesteroli. Karatasi huyazuia karibu yote. Kitambaa huzuia kwa kiasi. Kahawa iliyochemshwa na kumiminwa bila kuchujwa huyabakiza. Anayekunywa kikombe kimoja hana haja ya kuhangaika, lakini mwenye kolesteroli iliyopanda na apendaye vikombe vitano vya kuchemsha anapaswa kubadilisha njia.

Chupa ya chai hutunza joto, haitunzi ladha. Kahawa iliyokaa kwenye joto huendelea kubadilika na kuwa chachu, na baada ya saa moja hivi tofauti inaonekana wazi. Andaa ile unayoweza kunywa mara moja, na jioni uandae nyingine. Unga wako uhifadhi katika mkebe wenye kifuniko kinachobana, kabatini, mbali na jiko na jua, si kwenye friji, ambako huvuta unyevu na harufu za vyakula. Ukinunua robo kilo kila baada ya wiki mbili, badala ya kilo nzima kwa miezi miwili, utaona tofauti kubwa kuliko ungebadilisha kifaa chochote.